KARAMA NA WANAFUNZI WAKE: SWALI NA HOJA KATIKA "KUSADIKIKA"

Miongoni mwa vitabu vya nathari alivyotunga marehemu Shaaban Robert (1909–1962), Kusadikika ni kimojawapo cha vile vilivyopata wasomaji wengi na wahakiki wengi. Kilitolewa mwaka 1951, wakati Tanganyika ilipokuwa nchi ya udhamini chini ya Uingereza, na mtungaji mwenyewe alikuwa karani wa serikali ya utawala huo. Tangu hapo kimesomwa na vizazi kadhaa vya vijana, na maelezo yake yamekwisha kuwa kama njia iliyokanyagwa sana, ambayo kila apitaye hutia mguu palipo na unyayo wa aliyemtangulia. Husemwa kwamba nchi ya Kusadikika ni Tanganyika, kwamba Waziri Majivuno ni mtawala wa kikoloni, kwamba Karama ni mpigania haki, na kwamba wajumbe sita ni wazalendo walioteswa kwa ajili ya nchi yao. Maelezo hayo si ya uongo. Upungufu wake ni kwamba humaliza mazungumzo kabla hayajaanza, na huliacha nje jambo ambalo mtungaji ameliweka mlangoni kabisa mwa hadithi yake: mtu huyu ameshtakiwa kwa sababu ya kufundisha.

Karama hakuiba, hakuua, wala hakuchukua silaha juu ya mfalme. Alianzisha mafunzo ya uanasheria katika nchi isiyokuwa nayo na ambayo wakubwa wake hawakuyataka. Kwa tendo hilo akasimamishwa mbele ya baraza, Majivuno akamtolea shtaka kwa ufasaha mwingi, na yeye akaomba ruhusa ya kujitetea. Utetezi wake ulichukua siku sita, na kila siku alisimulia habari ya mjumbe mmoja aliyetumwa kutafuta maarifa katika upande mmoja wa ulimwengu, akarudi nayo, na badala ya kushukuriwa akaadhibiwa. Mwisho wa hayo Karama aliachiwa. Hadithi ni fupi, na mpango wake ni mwepesi kuushika. Lakini wepesi huo unaweza kumdanganya msomaji. Yafaa kitabu kiulizwe maswali matatu ambayo njia iliyokanyagwa haiyafikii. Kwa nini baraza liogope mafunzo ya sheria? Je, Karama mwenyewe aonekana akiwafundisha vijana kuuliza? Na je, wale wanaokifundisha kitabu hiki wanafuata mwendo wa Karama au wa Majivuno?

Swali la kwanza ndilo jepesi zaidi, ingawa jawabu lake laanzia mbali, katika jina la nchi. Kusadiki ni neno lililotoka katika Kiarabu, kutoka mzizi wenye maana ya ukweli, na katika Kiswahili maana yake ni kulipokea neno kuwa ni la kweli. Mtungaji angaliweza kuiita nchi yake kwa jina la kusadiki tu, au la kusadikiwa; lakini alichagua umbo lenye kiambishi cha -ik-, ambacho kazi yake katika sarufi yastahili kutazamwa. Asemaye kwamba mlango umefunguliwa anaruhusu aulizwe umefunguliwa na nani, na jibu lake lina nafasi katika sentensi ile ile: umefunguliwa na mgeni. Asemaye kwamba mlango umefunguka amemwondoa mtendaji. Hali imetokea, na mwenye kuitenda hayumo. Ndivyo ilivyo kwa neno hili. Habari iliyosadikiwa imesadikiwa na watu fulani, na watu hao wanaweza kuitwa na kuhojiwa. Habari inayosadikika haina mwenyewe. Nchi yenye jina kama hilo ni nchi ambayo imani yake imekwisha kuwa tabia ya vitu, kama uzito wa jiwe na ubaridi wa maji, na hakuna ajuaye nani aliyeanza kuamini, lini, wala kwa ushahidi gani. Si ajabu kwamba nchi hiyo imewekwa angani, ikapakana na pepo. Haina udongo chini yake wa kuchimbwa.

Katika nchi ya namna hiyo sheria ni elimu ya hatari kuliko nyingine zote, maana mwanasheria hufanya kazi kwa kumrudisha mtendaji katika sentensi. Aambiwapo kwamba fulani ni mwovu, huuliza: nani amesema? Alimwona kwa macho yake au alisikia? Sheria ipi imevunjwa, na sheria hiyo iliwekwa na nani? Haya si maswali ya uasi. Ni maswali ambayo mzee yeyote mwenye busara huyauliza anapowaamua watoto wawili wanaogombana. Walakini baraza lililozoea kuhukumu bila ya kuulizwa huyaona kuwa ni uasi, kwa kuwa kila moja linalitaka baraza litoe sababu, na atakaye sababu leo huenda kesho akataka kitu kikubwa zaidi. Majivuno alilielewa hilo. Kwa hiyo si sawa kumtazama kama mjinga asiyejua thamani ya elimu. Yaelekea kwamba katika baraza lile hakuna aliyeijua thamani yake kuliko yeye, na ndiyo maana akashtaki mapema.

Majina ya wajumbe nayo yasaidia kuona jambo hili. Mtungaji aliwaita Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini. Yote ni majina ambayo watu huitwa au yanaweza kuwa majina ya watu, na wasomaji wengi huishia kusema kwamba ni majina ya sifa njema, yakilingana na desturi ya mtungaji ya kuwapa watu majina ya tabia zao. Lakini yakitazamwa kwa mpango wake, yana mwendo. Buruhani ni ushahidi ulio wazi, Fadhili ni wema, Kabuli ni kukubali, Auni ni msaada, Ridhaa ni kutaka kwa moyo bila ya kulazimishwa, na Amini ni mwenye kuamini na kuaminika. Ushahidi umetangulia, na kuamini kumekuja nyuma kabisa, baada ya kukubali na kuridhika. Mwendo huu ni kinyume cha mwendo wa nchi yenyewe, ambayo huanza kwa kusadiki na haifiki kwenye ushahidi kamwe. Mtu aliyeadhibiwa kwanza katika masimulizi ya Karama ni Ushahidi.

Msomaji mwenye kuhoji ana haki ya kuuliza kama mpango huo ulikusudiwa, au ni bahati tu iliyopambwa na mhakiki. Hapana hakika. Labda mtungaji aliyapanga majina kwa sauti yake na si kwa maana. Na mtu aweza kusema kwamba Kabuli na Ridhaa ni mamoja, wala hakuna hatua kutoka hili hadi lile. Hoja hii basi haiwezi kusimama peke yake. Hupata nguvu kidogo ikiwekwa pamoja na jina la nchi, na pamoja na jina la nchi ya pili aliyoibuni mtungaji huyo huyo katika kitabu cha Kufikirika, ambacho kilichapishwa mwaka 1967, baada ya kufa kwake. Mtu aliyeziita nchi zake mbili za kubuni kwa maneno mawili ya kazi ya akili, yote kwa kiambishi kimoja, hakuwa mtu wa kuokota majina njiani. Zaidi ya hapo haifai kudai.

Swali la pili ni gumu zaidi, na hapo ndipo sifa ya kitabu inapopaswa kupimwa kwa haki. Karama ni mwalimu, na ameshtakiwa kwa ualimu wake. Lakini darasa lake halipo katika hadithi. Wanafunzi wake hawapewi nafasi ya kusema mbele ya baraza, wala msomaji haoneshwi siku hata moja ya mafunzo yao. Waliuliza nini? Walimpinga mwalimu wao katika jambo gani? Yupo aliyeacha mafunzo kwa hofu? Kitabu kiko kimya. Msomaji humjua Karama kuwa msemaji, si mwalimu. Huzungumza siku sita, na baraza husikiliza zaidi kuliko linavyouliza. Mafanikio yake ni mafanikio ya ufasaha na subira, wala hayakutokana na kuwafanya wasikilizaji wake wafikiri kwa sauti mbele yake.

Mara nyingi Karama hufananishwa na Socrates wa Athens, aliyeshtakiwa mwaka 399 kabla ya Kristo kwa kosa la kuipuuza miungu ya mji na kuwaharibu vijana. Mfano huo wafaa kwa upande wa shtaka, lakini hauendi mbali. Katika utetezi ulioandikwa na Plato, Socrates amwita mshtaki wake Meletus na kumuuliza swali baada ya swali mbele ya waamuzi: kama yeye awaharibu vijana, ni nani awafanyaye wema? Meletus hulazimika kujibu, na kwa kujibu huonesha kwamba hajalifikiri shtaka lake. Msomaji wa maneno hayo hufundishwa kuuliza kwa kuona swali likifanya kazi. Karama hamuulizi Majivuno namna hiyo. Humjibu kwa hadithi, na hadithi hizo humzunguka mshtaki kama maji yanavyokizunguka kisiwa. Socrates alishindwa kesi akauawa, Karama alishinda. Lakini kwa mafunzo ya vijana, yule aliyeshindwa aliacha mfano wa kazi uliokamilika zaidi.

Utetezi wenyewe nao yafaa upimwe kama hoja. Karama hakusanyi ithibati kwamba mafunzo ya sheria hayana madhara. Hukusanya mifano sita ya watu walioadhibiwa bila ya haki. Kutokana na mifano hiyo msikilizaji atakiwa afahamu kwamba nchi isiyo na elimu ya sheria huwadhulumu watu wake walio bora, na kwa hiyo mwenye kuileta elimu hiyo si mkosaji. Hatua ya kwanza ni imara, lakini ya pili yahitaji daraja ambalo Karama hakulijenga. Yawezekana kwamba baraza limewadhulumu watu sita, na bado yawezekana kwamba mtu wa saba ana hatia. Zaidi ya hayo, mifano yote sita yaelekea upande mmoja. Hakuna hata mjumbe mmoja aliyerudi na maarifa mabaya, wala mmoja ambaye adhabu yake ilikuwa na sababu ya kusikilizwa. Mwanafunzi wa sheria aliyefundishwa vizuri na Karama angalikuwa wa kwanza kuliona pengo hilo, akamwambia mwalimu wake faraghani kabla ya siku ya pili ya kesi. Katika hadithi hakuna mwanafunzi wa kumwambia.

Kusema hivi si kumvunjia mtungaji heshima. Shaaban Robert alikuwa mrithi wa desturi kubwa ya wasia, ambayo mwenye umri na uzoefu husema na kijana husikiliza. Utenzi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858, ni maneno ya mama kwa binti yake. Na Shaaban Robert mwenyewe aliufuata mwendo huo katika Utenzi wa Hati aliomtungia binti yake na Utenzi wa Adili aliomtungia mwanawe. Katika wasia hakuna nafasi ya swali, si kwa sababu mtoto amedharauliwa, bali kwa sababu asemaye anataka kumwachia mwenziwe akiba kabla wakati haujapita. Karama husema kama mtoa wasia aliyesimamishwa kizimbani. Uzuri wa kitabu na upungufu wake vimetoka chemchemi moja.

Lakini wasia si desturi pekee waliyo nayo Waswahili katika mafunzo, na haifai kusemwa, kama inavyosemwa mara nyingine, kwamba kuuliza ni jambo la kigeni lililoletwa na shule. Lugha yenyewe ina maneno mengi ya kazi hiyo, na kila moja lina mahali pake: kuuliza, kusaili, kuhoji, kudadisi, kudodosa, kuchunguza, kupeleleza. Siku hizi jina la fikra tunduizi limeenea katika maandishi ya walimu, nalo halina ubaya. Walakini kabla yake lilikuwapo neno kupambanua, ambalo ni kinyume cha kupambana: ni kuvitenga vitu vilivyoshikana ili kila kimoja kionekane kwa sura yake. Methali nazo zina pande mbili. Ipo isemayo kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na ipo isemayo kwamba kuuliza si ujinga. Mtoto wa Kiswahili hulelewa na zote mbili, na busara ni kujua wakati wa kila moja.

Katika michezo ya maneno pia kuna namna mbili za swali, na tofauti yake ni muhimu kwa jambo linalozungumzwa hapa. Namna ya kwanza ni kitendawili. Mtegaji anajua jibu kabla hajatega. Jibu ni moja. Na asiyeweza kulitegua hutoa mji, kisha huambiwa. Kitendawili huchangamsha akili na hufundisha kutazama mfano ulio kati ya vitu, lakini hakimruhusu kijana kufika mahali ambapo mtegaji hajapata kufika. Namna ya pili ni kujibizana kwa washairi. Muyaka wa Mombasa na Zahidi Mgumi wa Lamu walijibizana kwa mashairi wakati miji yao ilipokuwa na uhasama. Na tangu gazeti la Mambo Leo lilipoanzishwa Tanganyika mwaka 1923, kurasa za namna hiyo zilikuwa uwanja wa washairi wa bara na pwani, na Shaaban Robert alikuwa mmoja wao. Katika kujibizana, aulizaye hana jibu la mwisho mkononi. Hutupa hoja yake, akangoja, na jibu lijalo laweza kumshangaza au kumshinda. Tena kuna kanuni: ajibuye hushika vina na mizani za aliyeuliza, na akitoka katika kanuni hizo ameshindwa hata kama ametukana kwa sauti kubwa. Hapa kijana aweza kumshinda mzee, na mzee hana budi kujibu kwa shairi, si kwa cheo chake.

Kwamba sanaa ya Kiswahili yaweza kuliweka swali hai mbele ya watu, tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyotolewa mwaka 1969, yathibitisha. Habari yake ni ya Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907. Watu wamepata imani iliyowaunganisha, na imani hiyo ina faida yake. Bila ya hiyo wasingelikusanyika. Lakini Kitunda amsaili Kinjeketile juu ya maneno ya utabiri wake, na kusaili huko kwamtikisa nabii mwenyewe. Swali halikutoka kwa adui wala kwa mzungu. Limetoka kwa rafiki, kwa ajili ya watu ambao watakufa kama jambo halikuchunguzwa. Mtazamaji huona thamani ya swali na uchungu wake kwa wakati mmoja. Kitu hicho Kusadikika chakisifu lakini hakikioneshi.

Hivyo swali la tatu ndilo lenye uzito zaidi, maana upungufu wa kitabu waweza kuzibwa na mwalimu, au waweza kuzidishwa naye. Katika shule nyingi uhakiki hufundishwa kwa vifungu viwili, fani na maudhui. Chini ya maudhui huwekwa dhamira, ujumbe, migogoro, mtazamo na falsafa. Chini ya fani huwekwa muundo, mtindo, wahusika, mandhari na matumizi ya lugha. Vifungu hivyo vilikusudiwa kuwa vyombo vya kufanyia kazi, na kwa mwalimu hodari bado ni vyombo. Kwa wengi vimekuwa visanduku. Mwanafunzi hupewa visanduku vikiwa vimekwisha kujazwa, hunakili vilivyomo, huvikariri, na siku ya mtihani huvitoa kwa mpango ule ule. Aulizwapo falsafa ya Shaaban Robert ataandika kwamba wema hushinda uovu. Akiulizwa ni mahali gani katika kitabu wema umeshinda, na kama ushindi wa Karama watosha kufuta yale waliyopata wale sita, hana la kusema, kwa kuwa kisanduku hicho hakikuwamo. Mtihani wa namna hiyo ni kitendawili: aulizaye anajua, jibu ni moja, na asiyelijua hutoa mji.

Jambo hili si geni kwa wenye dhamana ya elimu. Katika Elimu ya Kujitegemea, andiko alilolitoa mwezi wa Machi 1967, Mwalimu Julius Nyerere alitaja kati ya makusudi ya elimu akili yenye kutaka kujua, uwezo wa kujifunza kwa wengine na kuyakataa au kuyageuza yale yasiyofaa, na kujiamini. Kadhalika alieleza kwamba mitihani ya wakati ule ilipima uwezo wa kukariri mambo na kuyatoa yatakiwapo, wala haikupima nguvu ya kufikiri. Zaidi ya nusu karne imepita tangu maneno hayo yaandikwe. Andiko lenyewe sasa laweza kuonekana katika daftari za wanafunzi, likiwa limegawanywa kwa nambari ili likaririwe.

Somo la Kiswahili lina dhima ya pekee katika habari hii. Mwaka 1967 Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi za serikali Tanzania bara, lakini elimu ya sekondari iliendelea kwa Kiingereza. Kijana anayeuliza kwa lugha asiyoimudu hubeba mizigo miwili, mzigo wa fikra na mzigo wa maneno, na mara nyingi huuacha wa kwanza ili asiuangushe wa pili mbele ya wenzake. Katika kipindi cha Kiswahili mzigo wa pili haupo. Hapo aweza kusema "lakini" na "kwa nini" na "sikubaliani" kwa wepesi ule ule ausemao nyumbani. Ikiwa hata katika kipindi hicho kazi yake ni kunakili, basi amenyimwa mahali pekee ambapo ulimi wake na akili yake vingaliweza kutembea pamoja.

Mwendo mwingine wawezekana, wala hauhitaji vitabu vipya. Mwalimu na asimamishe kusoma mara tu Majivuno anapomaliza shtaka lake, kabla Karama hajafumbua kinywa, awatake vijana walitetee shtaka hilo kwa uaminifu. Waziri mwema angaweza kuogopa nini katika mafunzo hayo? Kwamba elimu nusu itazidisha ugomvi? Kwamba wenye mali ndio watakaoweza kumlipa mwanasheria, na maskini atabaki kama alivyokuwa? Asiyeweza kuisema hoja ya mpinzani wake kwa nguvu zake zote hajapata haki ya kuikataa. Kisha, kila siku ya utetezi inapokwisha, darasa na lijiulize mambo matatu: Karama amelijuaje analolisimulia? Lipo elezo jingine la tukio hilo? Na ni habari gani, kama ingepatikana, ingetufanya tubadili rai? Mwisho, kijana mmoja na awekwe kizimbani kama mwanafunzi wa Karama, wenzake wamhoji juu ya yale aliyofundishwa. Hapo pengo la kitabu litakuwa uwanja wa kazi.

Hata lile elezo la ukoloni lapasa kurudishwa mezani kama swali. Upande mmoja una mwaka wa kitabu, hali ya Tanganyika na kazi ya mtungaji. Upande wa pili una jambo ambalo msomaji yeyote aweza kuliona: mfalme na mawaziri wa Kusadikika ni watu wa Kusadikika, si wageni waliotoka ng'ambo, na sheria mbaya za nchi ni zao wenyewe. Kama kitabu ni fumbo la ukoloni tu, mbona mtungaji hakuweka mtawala mgeni? Kwa hofu ya wakubwa wake? Au kwa kuona kwamba baraza lisilotaka kuulizwa laweza kupatikana hata baada ya wageni kuondoka? Vijana wawili waweza kutofautiana hapa, na wote wawili wakastahili alama nzuri kwa namna walivyokitumia kitabu. Atakayesahihisha hana budi kupima mwendo wa hoja, wala si mahali ilipoishia.

Watakuwapo wasemao kwamba mafunzo hayo yatawafanya vijana wajuaji na wakosefu wa adabu. Hofu hiyo ni ya kale, na si ya kupuuzwa. Majivuno siye aliyeianza. Lakini huchanganya kuhoji na kubisha. Mbishi hataki jibu. Amekwisha kulikataa kabla halijatoka. Mwenye kuhoji hungoja, hushika jambo wala hamshiki mtu, na likimjia jibu lililo bora kuliko rai yake huiacha rai yake mbele ya watu. Hiyo ni adabu ngumu kuliko ya kunyamaza, na haipatikani bila ya kuzoezwa. Washairi waliojibizana waliijua. Karama naye, kwa upande huu, ni mfano mwema: aliomba ruhusa kabla ya kusema, na kwa siku sita hakutoka katika jambo.

Wengine watasema kwamba muda ni mfupi na madarasa yamejaa. Hilo ni kweli, na mwalimu mwenye wanafunzi wengi kupita kiasi hawezi kulaumiwa kwa kila kasoro. Hata hivyo kipindi kinachotumika kuandikisha ubaoni orodha ya dhamira za Kusadikika si kifupi kuliko kipindi cha kuuliza kama orodha hiyo ni ya kweli. Kinachokosekana zaidi ni ruhusa: ruhusa ya mwalimu kusema mbele ya vijana kwamba jambo fulani halijui, na kwamba kitabu kifunguliwe tena kitazamwe.

Shaaban Robert alikiacha kitabu chake kikiwa na mshtakiwa mwenye ufasaha na wanafunzi wasiosikika. Haiwezekani kuijua sababu yake. Lakini wanafunzi wa Karama wapo. Ndio vijana wanaokifungua kitabu hiki kila mwaka. Mtungaji amewaachia kesi yote, shtaka na utetezi, bila ya kuwaandikia maneno ya kusema. Kazi ya mhakiki na ya mwalimu ni kutowaandikia.